Historia ya Kisu Kilichozikwa

Jumatano ile baada ya Idi ya kuchinja, watu wakisubiri soda, kipaza sauti cha shule kilitaja jina ambalo nyumba yetu haikuwahi kulitaja hadharani tangu tuliporudi kutoka Sudan.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, kwenye kiti cha plastiki, na shati langu la Idi. Nilikuwa nimetoka Arua alfajiri, jiko la nyama nimemwachia jirani, ili nimwone binti yangu akipigiwa makofi.

Makofi hayakupigwa.

Wewe uliyenifuata tangu mwanzo unajua nilikotoka. Kwa aliyeingia leo, naitwa Wahabu, mchoma nyama wa kando ya barabara pale Arua. Mwaka jana mke wangu Kadijah aliingia kliniki moja na homa, akatoka amefunikwa shuka. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba niliyomnunulia sokoni Ariwara tukiwa bado wachumba. Aliingia nayo, niliiona kwa macho haya. Wanawake walipokuja kumwosha, hapakuwa na bangili ya kumvua.

Nilisimama mlangoni kwa wale wauguzi nikawaita wezi, mpaka askari akanishika kiuno na kunitoa. Sijafuta hata neno moja.

Baada ya matanga nilimpeleka binti yetu Sadiya kwa mama yangu Koboko. Mama anaitwa Mariam Poni, ila wajukuu wote wanamwita Habuba. Huko Sadiya akaingia kidato cha tano, akachagua Historia, Uchumi na Jiografia.

Mimi nilipinga.

"Kwa nini si sayansi?" nilimwuliza kwa simu. "Watu wote wanasema sayansi."

"Watu gani, baba?"

"Hao wa redioni."

"Hao wa redioni wenyewe ni mawakili. Hakuna hata mmoja aliyepasua chura."

"Na wewe unataka kuwa wa redioni?"

"Nataka kuwa wakili. Mtu akiitwa mwizi bila ushahidi, nimsimamie. Mtu akiibiwa kweli, nimsimamie pia."

Nilijua anamsema nani. Nikakata simu kwa kusingizia chaji.

Sasa mjue kwamba wakubwa walikuwa wamekwisha kuyachinja hayo masomo kabla binti yangu hajayafikia. Walimu wa sayansi waliongezwa mshahara. Wa historia waliambiwa wangoje. Shuleni kwa Sadiya mwalimu wa fizikia alinunua gari, na mwalimu wa historia, kijana mmoja anaitwa Enoch, akawa anaomba lifti ndani ya gari hilo.

Mwalimu mkuu, Madamu Helen, akasema wazi mbele ya mstari wa asubuhi kwamba darasa la historia lina watu wachache kuliko meza zake, na mwaka ukiisha hivyo litafungwa. Chumba kitawekwa mahindi ya shule.

Enoch akaona afe akipigana. Akatangaza Siku ya Historia. Kila mwanafunzi amtafute mzee aliyeuona ukimbizi wa mwaka wa themanini, askari wa serikali mpya walipotusukuma mpaka Sudan, amrekodi kwa simu, na sauti zile zisikilizwe mbele ya wazazi na wakubwa. Wakubwa wakisikia, watajua somo hili si la kufungiwa mahindi.

"Mniletee jina, mahali, na nani aliona," aliwaambia. "Ukikosa hayo, umeniletea porojo za jikoni."

Binti yangu akamrekodi Habuba wake. Jikoni.

Siku yenyewe ilipofika, hema lilifungwa uwanjani. Mgeni rasmi alikuwa Kenyi, mwenyekiti wa bodi ya shule, mtu mwenye duka la vifaa vya ujenzi na sauti ya kanisani. Mwalimu Enoch alikuwa ameomba wazee walioona ukimbizi wakae mbele, basi Kenyi akaja na baba yake mzazi, Mzee Lomoro, akamweka kwenye kochi lililotolewa ofisini, na blanketi juu ya magoti.

Mzee Lomoro ni jirani ya mama yangu. Nyumba zao zinapakana. Mama mwenyewe hakuja, alisema miguu imevimba.

Sauti ya kwanza ilipigwa, watu wakacheka, mzee mmoja alikuwa anasimulia alivyovuka mpaka na kuku kichwani. Ya pili watu wakanyamaza. Ya tatu ilikuwa ya mama yangu.

"Ile asubuhi lori ilikuja," sauti ya mama ilitoka kwenye yale maspika makubwa, na nyuma yake ukasikia mwiko ukigonga sufuria. "Bwana yangu alikuwa nyuma ya nyumba, anafunga mbuzi. Askari hapana jua nyumba yetu. Watatoka wapi kujua? Mutu ndiye alionyesha. Alisimama pale kwa njia, akanyoosha mkono."

Nikaanza kuinuka. Sijui nilitaka kwenda wapi.

"Nani, Habuba?" ikasema sauti ya binti yangu.

Mwiko ukanyamaza.

"Lomoro. Huyu Lomoro ya hapa jirani."

Hema zima likamgeukia mzee wa kwenye kochi. Yeye akavua kofia yake polepole, akaiweka juu ya goti.

"Zima," akasema.

Enoch akairukia mashine. Kwa haraka akabonyeza pasipo. Badala ya kuzima, ikarudi nyuma kidogo na kuanza tena. Lomoro. Huyu Lomoro ya hapa jirani.

Kenyi akang'oa waya kwenye mashine kwa mkono wake.

Sadiya alikuwa amesimama kando ya meza, na karatasi ya shukrani aliyokuwa aisome. Alikuwa ananitazama mimi, anataka nimwambie amekosea wapi. Mimi nilitazama chini.

Walimwinua mzee, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile. Alipofika nilipokaa, akasimama.

"Wahabu," akasema, "mutoto aliuliza nusu tu."

Kisha wakampitisha.

Ngoja niwaeleze, maana Sadiya mwenyewe siku ile hakujua.

Baba yangu alichukuliwa na lori lile, hakurudi. Mimi nilikuwa bado na meno ya utoto. Mama alitubeba mpaka Yei, huko Sudan, tukala majani na posho, ugali wa unga wa wazungu, darasa la pili nikalisomea chini ya turubai, na hapo ndipo shule yangu ilipokomea. Tuliporudi Koboko tulikuta watu wa Lomoro nao wamerudi, wanajenga palepale walipokuwa. Na kila mtu alijua nani alinyoosha mkono.

Serikali haikuja kuuliza. Hakimu hakuja. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyesimama mlangoni kwa mama akasema, mama, mume wako yuko wapi. Basi wazee wa nyumba zote mbili wakafanya wenyewe. Walichinja kondoo mweupe, tukala kwenye sinia moja, watoto wao na sisi, mikono inagongana kwenye mchuzi. Kisu kilichomchinja wakakiosha, wakakifunga kwa ngozi ya kondoo yuleyule, wakakizika mpakani kati ya nyumba zetu. Juu yake mama akaweka jiwe lake la kusagia lililopasuka.

Na wakasema hivi. Jina la aliyenyoosha mkono lisitajwe tena juu ya jambo hili mahali ambapo watu wa nyumba zote mbili wanasikia. Nyumba itakayolitaja ndiyo itakayofukua kisu, kwa mikono yake, na kukiweka mbele ya nyumba nyingine. Hiyo nyingine itachagua. Ikitaka, kitazikwa tena na kondoo mpya. Ikitaka, itakishika. Na ikikishika, basi hakuna kuazimana moto, hakuna kuchota kisima kimoja, hakuna kuzikana.

Watoto watakaozaliwa baadaye wasiambiwe. Wakue bila hilo.

Wakakua bila hilo. Kenyi, aliyekuwepo siku ya kondoo, alilelewa pamoja nasi, tukaiba maembe pamoja. Kadijah alipofariki, ni Kenyi aliyebeba jeneza upande wa mbele. Nilikuwa nimesahau kama kuna kitu chini ya lile jiwe.

Nilipofika kwa mama siku ile, habari ilikuwa imenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharagwe, na alikuwa anatupa mazuri na kubakiza mabovu.

"Mama, wewe ulilijua agano."

"Nililijua kabla wewe hujaota ndevu."

"Sasa kwa nini umetaja?"

"Mimi nilitaja wapi? Nilikuwa kwa jiko yangu, nasonga posho, na mjukuu yangu. Hiyo ni nyumba ngapi? Nyumba moja. Agano ilisema nyumba mbili wakisikia."

"Na simu?"

"Simu ilikuwa kwa meza."

"Hukuona kama inarekodi?"

"Wahabu, mimi najua simu ni ya kuongea na mutu ya mbali. Nilisikiliza. Hapana mutu ya mbali aliitika. Nikaendelea na posho yangu."

Ungesema nini hapo? Mwanamke ametunza ulimi maisha yake yote, halafu wakubwa wanaleta somo lenye maspika.

Sadiya alikuwa ndani, amekaa kitandani na sare yake ya shule, viatu miguuni.

"Hukujua," nikamwambia.

"Ningejua vipi, baba? Nilimwuliza, akajibu. Hakunong'ona. Hakufunga mlango. Kama kuna jina halitajwi, mtu huambiwa."

"Lilikuwa halitajwi hata kwa kuambiwa kwamba halitajwi."

"Basi mlinitegea shimo, mkalifunika vizuri, mkanituma nikachote maji."

Nikaenda kutafuta mtu wa kunijibia.

Kesho yake asubuhi nilimkuta Enoch nyuma ya vyoo vya walimu, anavuta sigara na mkono unafunika mdomo.

"Mwalimu, hukuisikiliza kabla ya kuipiga?"

"Niliisikiliza, mzee. Ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Jina, mahali, aliyeona. Nilimpa alama za juu."

"Na hukujua kwamba huyo Lomoro ni huyo uliyemwekea kochi?"

"Niliandikiwa Mzee wa mwenyekiti. Na kwenye sauti Lomoro. Hapa Koboko akina Lomoro ni wengi kama mbuzi. Mimi ni mtu wa Logiri, mzee wangu. Mambo ya hapa nitayajulia wapi?"

"Wewe si mwalimu wa historia?"

"Ya kwenye mtaala," akasema, na nikaona macho yamemlowa. "Wamefunga darasa. Magunia yameingia jana jioni. Watoto wameambiwa wakae nyumbani mpaka wapangiwe kitu kingine."

Nikaingia kwa Madamu Helen. Hakuniambia nikae.

"Hao wengine watarudi wiki ijayo, nitawatafutia namna," akasema. "Binti yako ni habari nyingine. Arudi siku mwenyekiti atakaponiambia arudi."

"Madamu, kosa lake ni nini? Alipewa kazi na shule, akaifanya, akapewa alama za juu."

"Sijasema ana kosa."

"Basi anafukuzwa kwa nini?"

"Sijasema amefukuzwa."

"Kwa hiyo anaweza kuingia darasani?"

"Hapana."

Ndivyo wanavyosema waliosoma. Unatoka ofisini hujui umepigwa na nini.

Kenyi alikuwa dukani kwake, anapima misumari. Aliponiona akaiacha mizani, akanivutia kiti mwenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Ndugu yangu Wahabu. Mimi sina vita na mtoto yule. Nilimbeba mama yake kwa bega hili."

"Najua. Basi mrudishe shule."

"Baba hajala tangu jana. Amegeukia ukuta. Watu wanapita nje ya nyumba yetu taratibu, kama wanapita kwenye ajali. Watoto wangu wameulizwa sokoni kama babu yao ndiye yule."

"Kenyi, hata mimi nilipoteza baba pale."

"Sikukatalii." Akainama, akaokota msumari ulioanguka. "Lakini agano ni agano. Chimbua kisu, leta. Ijumaa, ukitoka msikitini. Nitamleta mzee mpaka pale mpakani."

"Akikubali kukizika tena?"

"Jumatatu Sadiya yuko darasani. Nitampeleka mimi mwenyewe, na hilo darasa lao nitalitoa mahindi."

"Na akikishika?"

Hakunitazama.

"Akikishika, mimi siwezi kukaa kwenye bodi ya shule anayosoma mtoto wa nyumba ambayo hatuzikani nayo. Umtafutie shule Arua."

"Katikati ya mwaka? Masomo haya haya ambayo kila shule inayafunga? Nani atampokea?"

"Hilo mwulize mwalimu wake."

Mimi nikasema moyoni, tazama. Lori lilitumwa na wakubwa. Somo limetumwa na wakubwa. Na wa kuchimba ni mimi.

Ijumaa nilisali bila kusikia khutba inasema nini. Nilipofika nyumbani walikuwa wamekwisha kufika. Upande wao Kenyi, mke wake, na kaka zake wawili. Mzee Lomoro kwenye kiti, kofia juu ya goti. Upande wetu mama, ametandika mkeka, na mimi. Sadiya niliambiwa abaki ndani, nikamwambia abaki ndani.

Katikati kulikuwa na lile jiwe.

"Jembe hapana," akasema Kenyi. "Wazee walisema mikono."

"Nilikuwepo," nikamjibu. "Hukunizidi kusikia."

"Basi anza."

Nilikunja mikono ya kanzu, nikalisukuma jiwe. Nilijiandaa kuvunjika kucha, maana chini ya jiwe lisiloguswa miaka yote ile nilitegemea udongo ulioshikana kama tofali.

Udongo ukatoka laini. Ukanifuata vidoleni kama wa shamba lililolimwa majuzi.

Nikainua macho nimtazame mama. Mama aliliona. Akafungua mdomo, akaufunga.

"Endelea," akasema Kenyi.

Nikaendelea mpaka kifundo cha mkono. Hakuna kitu. Mpaka kiwiko. Hakuna kitu. Nikalala kifudifudi na kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa, nikapapasa pembeni, nikapapasa chini, na mke wa Kenyi anamtuliza mtoto wake mgongoni.

"Pengine ni mbele zaidi," mama akasema.

"Ni hapahapa, mama. Ulilala juu ya jiwe hili ukilia, mimi nikakuamsha."

Kisha vidole vikagusa kitu kigumu.

"Kipo," nikasema, na nawaambia kweli, nilitaka kucheka. Niliona Jumatatu. Nilimwona Sadiya anaingia darasani, mahindi yanatolewa kwa mlango wa nyuma. Nikaona Mzee Lomoro anaitikia kwa kichwa, kondoo analetwa, tunakula tena sinia moja kama zamani.

Nikavuta.

Haikutoka ngozi ya kondoo. Ilitoka kavera nyeusi, ile mifuko ya plastiki wanayofungia sukari dukani, imefungwa mafundo mawili.

"Hii nini?" akauliza mmoja wa kaka zake Kenyi. "Wazee walifunga kwa ngozi."

"Fungua," akasema Kenyi.

Fundo lilinishinda, nikalipasua kwa meno. Kikaanguka kitu kwenye kiganja changu, cha duara, chepesi.

Ilikuwa bangili ya shaba.

Sikuhitaji kuitazama mara mbili. Ilikuwa na ule mkato pembeni, wa siku ilipobanwa na mlango wa lori tukitoka Ariwara, na Kadijah akanicheka nilivyolia kuliko yeye. Niliisugua kwa kidole. Mkato ulikuwepo palepale.

"Kisu kiko wapi?" akasema Kenyi.

Niliendelea kuisugua.

"Wahabu, nakuuliza. Kisu kiko wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Jiwe ni la mama yako. Liko mlangoni kwa mama yako. Nani mwingine alale macho alichunge?"

"Jiwe ni yangu," mama akasema kutoka mkekani, sauti kavu. "Mpaka ni ya sisi wote. Wewe unapita hapa kila asubuhi na wheelbarrow yako, Kenyi. Mimi nakusikia."

"Mama, usiniingize."

"Mimi hapana ingiza mutu. Shimo ndiyo imetuingiza."

Kaka mmoja wa Kenyi akasogea, mimi nikasimama na udongo mpaka mabegani. Mke wa Kenyi akamvuta mumewe kwa shati. Ungefika wakati ule ungesema hapa watapigana, na pengine tungepigana, na pengine ingekuwa nafuu.

Ila kuna kitu nilikiona. Wote tuliinama kutazama bangili. Mama aliinuka na miguu yake iliyovimba akaja kutazama. Mzee Lomoro peke yake hakuinama. Alikuwa anatazama mbele, kwenye njia, kama mtu ambaye habari hii alishaisikia.

"Hakuna kisu, hakuna shule," Kenyi akasema hatimaye. "Agano limeibiwa. Mmetutaja, na mlishafukua kabla ya kututaja. Mimi sina la kumwambia Madamu Helen."

"Au ninyi ndio mlishafukua."

Sauti ile ilitoka nyuma yangu. Sadiya alikuwa amesimama mlangoni na sare yake. Alikuwa ameivaa asubuhi zote mbili tangu wamzuie, ameipiga pasi, na jana alikaa nayo kitandani mpaka jioni.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Nasema ama ni ninyi, ama ni sisi, ama ni mtu mwingine. Bado hatujui." Akaja mpaka ukingoni mwa shimo, akachuchumaa, akachukua bangili kiganjani mwangu. Aliigeuza mpaka akakutana na mkato. Mdomo wake ukacheza kidogo, akaushika.

"Mtoto, hili ni jambo la wakubwa," Kenyi akasema.

"Ndiyo, mwenyekiti. Nalianzia pale tunapofundishwa kuanzia." Hakupandisha sauti. Alikuwa anaongea kama mtu anayesoma ubaoni. "Mama aliingia kliniki na bangili hii. Baba aliiona. Mama alipooshwa, haikuwepo. Kwa hiyo ilitoka mkononi mwake ndani ya ile wodi. Na imekutwa hapa, mahali kisu kilipokuwa. Kwa hiyo aliyefukua alifukua baada ya mama kufa. Mwaka jana au mwaka huu. Mimi nimetaja jina Jumatano. Agano lilivunjwa kabla sijaishika ile simu."

Kaka wa Kenyi aliyekuwa amesogea akarudi nyuma hatua moja.

Mwaka mzima nimewatukana wale wauguzi. Mwaka mzima nimepita mbele ya kliniki ile nikitema mate. Na bangili ilikuwa Koboko, chini ya jiwe la mama yangu, imefungwa kwa kavera ya sukari, na muuguzi wa Arua hajui hata njia ya kufika hapa.

Hata hivyo sijawafutia. Ni wao walionituma nje nikatafute dawa mjini ambayo ilitakiwa iwe kwenye kabati lao. Wasingenituma, ningekuwepo.

"Baba," Sadiya akasema, "wewe ulitumwa dawa."

"Nilitumwa."

"Ulichelewa."

"Maduka mawili hayakuwa nayo. Niliporudi alikuwa amekwisha kufunikwa."

"Na mimi nilikuwa kwenye mtihani." Akasimama, udongo umemshika pindo la sketi. "Habuba alisema siku ile hakutoka Koboko. Mwenyekiti alisema habari za msiba alizipata dukani. Kila mtu ana mahali alipokuwa. Ila daktari aliniambia mimi, nilipofika, kwamba mama hakufa peke yake. Alisema kulikuwa na mtu wa nyumbani anamshika mkono."

Hilo sikuwahi kuambiwa. Mwaka mzima, mtoto huyu amekaa nalo.

Mama alianza kufunga upya leso yake kiunoni, na leso haikuwa imelegea. Kenyi alitazama viatu vyake. Na Mzee Lomoro, kwa mara ya kwanza tangu shimo lifunguke, aligeuza kichwa akaitazama bangili mkononi mwa binti yangu, akaitazama muda mrefu, midomo inamcheza kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Sadiya alingoja. Alitutazama mmoja mmoja, bila haraka, na mwisho akanitazama mimi.

"Nani alibaki na mama?"